Jina Lililovuka Ua

Naitwa Jirani. Si jina la utani wala si jina la kazini. Ndilo jina alilonipa mama yangu nilipozaliwa, na ndilo liko kwenye leseni yangu ya udereva. Ukitaka kucheka, cheka tu. Nimeshachekwa na mabingwa. Shuleni mwalimu akisema tusiangalizie kwa jirani, darasa zima linanigeukia, na mimi kwa hasira nilizokuwa nazo enzi hizo nilikuwa napigana karibu kila muhula.

Kazi yangu ni kuendesha watalii. Asubuhi nyingi natoka Karatu nikiwa na wageni nyuma, tunapita geti la Ngorongoro, tunaingia kwenye ukungu wa kule juu ambao hata mimi niliyezaliwa huku bado unanitia baridi ya mifupa. Tukifika pale wanaposimama kuitazama kreta, wakishapiga picha zao, kuna mmoja lazima aulize jina langu lina maana gani. Namwambia ni mtu anayeishi karibu nawe. Anafurahi, anawaambia wenzake, wote wanafurahi, tunashuka kutafuta faru. Jibu hilo si la uongo, ila ni la kuwapa watu ambao kesho kutwa watapanda ndege.

Mwaka jana mke wangu alijifungua mtoto wa kiume baada ya wasichana watatu. Jina la ubatizo halikuwa na shida, watakatifu wako wengi na katekista wetu anawajua wote. Shida ilikuwa jina la nyumbani. Nilitaka mwanangu aitwe Jirani kama mimi. Nililitaka jina hilo kwake kuliko nilivyowahi kulitaka kwangu mwenyewe. Lakini lilikuwa na mwenyewe, mtu aliyeligharamia bila kuulizwa, na sikuona ningewezaje kulitoa tena bila ruhusa yake. Mtu huyo alikuwa hajawahi kunitamkia jina langu hata mara moja maishani.

Nieleze lilikotoka.

Sisi ni Wairaqw, watu wa milima hii, ambao wengine hutuita Wambulu. Kabla yangu mama alizika watoto wawili wachanga, mmoja baada ya mwingine. Zamani kwetu, na zamani yenyewe si mbali, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo ilikuwa inawekwa katika hali tunayoiita metimani. Hamkai na watu. Hamshikani mikono, hamwombani moto wala chumvi, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa wengine, na maji mnachota chini ya pale wanapochota wenzenu. Hakuna aliyekuwa akiwachukia. Watu waliogopa tu kwamba kilichoingia kwenu kikiguswa kitahamia kwao. Jumapili mtakwenda misa kama kawaida, mtakaa benchi lenu la nyuma, na padri akisema mpeane amani mtainamisha vichwa. Mimi hadithi hii inanikera mpaka leo, nisikufiche. Lakini mama alinikataza kuwatukana watu wale. Alisema hata yeye angekuwa upande wa pili wa ua angefanya walivyofanya.

Kwa hiyo mimba yangu ililelewa ndani ya metimani. Siku uchungu ulipoanza, baba hakuwepo. Kwa kuwa ng'ombe wetu walikuwa hawatakiwi kwenye malisho ya kijiji, aliwapeleka mbali juu, karibu na msitu wa Ngorongoro, na kurudi kwake kulikuwa ni jioni. Ulikuwa mchana wa msimu wa palizi. Mama alikuwa peke yake, na mtoto alikuwa amekaa vibaya.

Wanawake waliokuwa wanapalilia shamba la ng'ambo walimsikia. Wakaja hadi kwenye ua wetu wa minyaa wakasimama nje. Nasikia walimsaidia kwa sauti. Walimwambia apige magoti, ashike nguzo, apumue, asisukume bado. Mama alisema zilikuwa sauti nzuri sana, sauti za watu wanaompenda kweli, na kwamba hajawahi kujisikia mpweke kama alivyojisikia akizisikia.

Mmoja wao alikuwa mama wa nyumba ya ng'ambo, ambaye mimi nilikuja kumwita bibi. Alisikiliza kidogo. Halafu akachukua panga, akajifunika uso kwa kitenge kwa sababu utomvu wa minyaa ukikuingia machoni unaweza kukupofusha, akaanza kukata. Hakuzunguka barabarani maana barabara inalizunguka korongo na aliona mama hatamsubiri. Alipotoboa, kabla hajapita, aligeuka akawaambia wenzake, "Mmeniona. Kuanzia sasa na mimi msinikaribie." Akapita.

Alinigeuza tumboni kwa mikono yake, na alasiri ile nikatoka nikilia.

Sasa nyumba zenye metimani zikawa mbili. Na mambo yalivyo, waliozuiliwa kwa watu hawazuiliani wao kwa wao. Mama na bibi wakawa wanaombana moto, wanachota maji pamoja kule chini, wanasaga pamoja, wanalima pamoja. Baba na mzee wa ng'ambo wakachunga pamoja kule juu. Miezi mingi ikapita hivyo, mpaka nyumba zote mbili zikatakaswa. Mama alipoulizwa nitaitwa nani, alisema hana haja ya kufikiri, kwa sababu katika dunia nzima alikuwa na jirani mmoja. Alilitaka kwa Kiswahili ili hata nesi wa kutoka mbali asihangaike kulitamka.

Hadithi hii nimeisikia tangu nikiwa mgongoni. Mama aliisimulia jikoni, shambani, na kwa kila mgeni aliyethubutu kuuliza. Kila mara iliishia palepale, nikilia, na mama akicheka huku akifuta macho. Nilidhani imeisha.

Bibi alikuwa na binti yake, msichana wa kwanza, aliyekuwa ameshakuwa mtu mzima wakati nazaliwa. Sisi watoto tulimwita shangazi. Ni fundi cherehani. Mpaka leo yuko kwenye kibaraza kimoja pale Karatu mjini, barabara ya sokoni, anashona sare za shule na nguo za kwaya. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye futi shingoni hata siku ya Krismasi. Kila kitambaa anachopokea anakiandika kwa chaki upande wa ndani jina la mwenyewe, ili asichanganye. Sare zangu zote za shule ya msingi alizishona yeye. Wenzangu walikuwa wanakuta majina yao ndani ya mashati mapya kabla hayajafuliwa. Mimi nilikuwa nakuta mstari tu, mstari mmoja mweupe.

Na kuniita alikuwa ananiita "wewe". Au "mtoto wa pale". Hakuwa mkali kwangu, na sare zangu hazikuwahi kubana. Lakini ule upenyo alioukata mama yake, ambao ulikuja kuwa njia ya kila mtu, ya kuku, ya mbuzi, ya mabakuli ya makande yanayokwenda na kurudi, yeye hakuupita. Akija kumwona mama yangu mgonjwa alizunguka barabarani, akilifuata korongo lote, hata mvua ikinyesha. Na alikuwa hakai. Ukimkaribisha chai anasema ameshakunywa.

Nilipomaliza sekondari nilimuuliza mama kwa nini. Tulikuwa tunapukuchua mbaazi. Mama aliendelea kupukuchua mpaka nikadhani hakusikia, kisha akaniambia sehemu ambayo hakuwahi kuitia kwenye hadithi yake.

Shangazi alikuwa mchumba wa mtu. Mazungumzo ya wazee yalikuwa yameisha, ndoa ilikuwa imeshatangazwa kanisani, nguo ya harusi alikuwa anaishona mwenyewe. Bibi alipovuka ua, nyumba yao ikaingia metimani, na binti yumo humo. Mama wa kijana akasema hawezi kumpokea mkwe kutoka nyumba ya namna hiyo, wasubiri. Wakasubiri. Kijana alipochoka kusubiri akaoa kwingine. Wachumba wengine hawakuja, au walikuja akawakataa, mama hakujua. Alichojua ni kwamba mimi nilipata uhai na shangazi akapoteza harusi, siku moja, kwa panga moja.

"Ulishawahi kuongea naye?" nikamuuliza.

"Nitaanzia wapi, mwanangu? Kila nikimwona moyo unapiga magoti, mdomo unaniambia, habari za mchana."

Basi ndivyo tulivyoishi. Tulimlimia shamba lake bibi alipofariki, tulimpelekea mahindi mjini kwa gari, tulimsalimia kwa heshima zote. Wema wetu kwake ulikuwa mwingi na haukuwa na neno hata moja ndani yake.

Ndiyo maana nilipomwambia mama kwamba nakwenda kumwomba shangazi ruhusa ya jina, alishtuka. Mama sasa ni mzee, anatembea kwa fimbo, lakini sauti bado anayo.

"Utatonesha kidonda. Mwache mwenzio apumzike. Mpe mtoto jina la baba yako, limekwisha."

Mama mkwe wangu naye, aliyetoka Kilimanjaro na mzigo wa ndizi ili mzazi apikiwe mtori kila siku, alimuunga mkono. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na alishangaa kwa nini tunahangaika na jambo ambalo kwao limeshaamuliwa kabla mtoto hajazaliwa. Mke wangu ndiye aliyekuwa na maneno yake.

"Baba watoto, hilo jina lako hata mimi linanisumbua. Nikikuita sokoni wanaitika akina mama wote." Akamweka mtoto begani akampigapiga mgongo. "Lakini kama unataka kumpa, kamwombe. Usije ukampa mwanangu kitu chenye manung'uniko ya mtu."

Nilikwenda siku ambayo sikuwa na wageni. Shangazi alikuwa kwenye kibaraza chake, miguu kwenye kanyagio, rundo la sare za kijani mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia. Nikavuta kigoda. Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa maneno mazuri, na yote yaliniponyoka, nikasema tu, "Shangazi, nimepata mtoto wa kiume. Nataka kumwita jina langu. Lakini najua lilikugharimu wewe, na hakuna aliyekuuliza. Nimekuja kuuliza."

Cherehani haikusimama. Alimaliza upindo wa kaptula, akakata uzi kwa meno, akachukua nyingine.

"Nani kakwambia lilinigharimu?"

"Mama."

"Kumbe anajua."

Alisema hivyo kwa utulivu, na mimi nikaona aibu ya watu wawili, yangu na ya mama. Kisha akaanza kuzungumza huku akishona, hanitazami.

"Ile siku na mimi nilikuwa pale uani. Hamjui hilo, eti? Nilikuwa nimemshika mama kitenge. Nikamwambia, mama usiende, unajua kitakachonipata. Akaniangalia, akasema, nikikungojea uolewe, yule atakufa. Akajivuta. Nguo ikabaki mkononi mwangu, akajifunika uso kwa kitenge cha mwenzake." Akageuza kaptula. "Alikuwa amesema kweli. Ndiyo iliyonitesa. Angekuwa amekosea ningemlaumu, nikamaliza."

Akakata uzi.

"Halafu mkaliweka jina. Kila mtu akalisifu. Jirani, Jirani, wema wa mama yangu unatembea kijijini na kamasi puani." Hapo aliacha tabasamu kidogo likapita. "Mimi nikawa najiuliza, na aliyeachwa nje ya ua ameshika nguo, yeye anaitwa nani? Yeye hana jina kwenye hiyo hadithi."

Nilimwambia kwamba ni kweli. Nilimwambia tulimsahau, na kwamba kumsahau kwetu kulikuwa kwa kukusudia, kwa sababu tukimkumbuka furaha yetu ilikuwa inaingia doa. Nilikuwa na hasira, na safari hii nilikuwa nimejikasirikia mimi mwenyewe na nyumba yetu.

"Na nikikataa?" akauliza.

"Ataitwa jina la babu yake. Jina zuri tu. Nitakuja kukusalimia kama kawaida."

Akakanyaga cherehani, ikanguruma.

"Nenda," akasema. "Nina sare za watu hapa, shule zinafunguliwa."

Nikaondoka bila jibu. Nilimwambia mke wangu nadhani amekataa. Mama alisema, si nilikuambia. Mama mkwe akaendelea kumwita mtoto "baba", kama kwao wanavyowaita wajukuu wa kiume, na nikaona kwamba mambo yanaweza kuishia hapo, mtoto akazoea jina lingine, na mimi nikawa Jirani wa mwisho. Nilishangaa jinsi nilivyoumia. Jina nililopigania ngumi utoto mzima nikitamani nipate lingine, leo nalililia.

Katekista alitaka tupeleke majina kabla ya ubatizo. Nikamwambia asubiri. Nilipanda Ngorongoro na wageni nikarudi, nikapanda tena. Kule juu mgeni mmoja akaniuliza maana ya jina langu, nikafungua mdomo kumpa lile jibu la siku zote, nikashindwa kulitoa. Nikamwambia, "Ni habari ndefu, bado haijaisha." Akadhani ni uchovu wa safari.

Jumamosi kabla ya ubatizo tulikuwa uani, mchana, mawingu yamefunguka. Mama alikuwa ameketi juani, mama mkwe anamenya ndizi, mke wangu amemlaza mtoto kwenye mkeka kwenye kivuli. Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari naangalia springi. Nilisikia mama akisema kwa Kiiraqw, polepole, neno ambalo ni la kumwita Mungu. Nikatoa kichwa nje.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye upenyo wa minyaa. Futi shingoni, kitambaa kimekunjwa kwapani. Alikuwa ameshika tawi moja pembeni kama mtu anayeingia chumba chenye giza. Minyaa imekuwa mirefu tangu wakati ule na imekutana juu, hivyo ilibidi ainame. Akainama, akapita.

Hakuna aliyemkimbilia. Nadhani wote tuliogopa kwamba tukisogea atarudi. Akaja moja kwa moja mpaka kwa mama, akampa mkono, na mama akaushika kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia.

"Nilikuwa nakuja kila mwaka," mama akasema, "mpaka karibu na mlango wako. Nageuka."

"Nilikuwa nakuona," shangazi akasema.

Wakakaa hivyo. Mama alikuwa analia waziwazi. Shangazi hakulia, lakini mke wangu alipomletea uji kwenye kikombe alichokuwa anakunywea yeye mwenyewe, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vichafu, aliupokea na kuunywa wote, akapangusa mdomo, akarudisha kikombe akasema umepikwa vizuri. Katika nyumba yetu alikuwa hajawahi kunywa hata maji. Mke wangu, mtu wa Kilimanjaro, hakujua amefanya nini, akauliza tu kama aongeze.

Kisha shangazi akapiga magoti kwenye mkeka. Akakunjua kitambaa kile cheupe, cha nguo ya ubatizo, kimekatwa lakini hakijashonwa. Alikuwa amekigeuza, upande wa ndani uko juu, na kwa chaki ya bluu, kwa ule mwandiko wake wa herufi kubwa, alikuwa ameshaandika jina. Nililisoma nikiwa nimeshatoka chini ya gari, nimesimama na grisi mikononi. Akatoa futi shingoni.

"Jirani," akasema, "nyoosha mkono nikupime."

Nikaitika. Mdomo uliitika wenyewe, "Naam, shangazi," kama vile nilikuwa nimekaa na hilo neno mdomoni tangu darasa la kwanza, na mkono nikaunyoosha.

Akaniangalia, grisi na yote.

"Si wewe," akasema. "Wewe ni wa mama yangu. Huyu ni wangu."

Akaukunjua mkono mdogo wa mwanangu, akaanza kupima kuanzia begani.